Sauti Iliyopigwa Pasi

Saa nane mchana, siku ya Jumapili, kidole cha shahada cha mama mzazi kinapanda juu kidogo, kisha kinasimama hewani. Binti yake, aliyeketi kwenye stuli mbele ya kompyuta mpakato, anasogeza mstari mwembamba wa kijani kwenye kioo. Anabonyeza. Spika mbili ndogo zinatoa sauti ya mwanamke mtu mzima akiimba maneno matatu, kisha zinanyamaza.

Kidole kinashuka.

"Nishushe? Mama, sasa hivi umeniambia nipandishe."

Mama, aliyeegemea mto kitandani nyuma yake, anachukua daftari la shule, anaandika kwa herufi kubwa na kuligeuza: NILISEMA KIDOGO.

"Kidogo ni kiasi gani?"

Mama analipiga godoro kwa kiganja, mara moja. Katika nyumba hii, godoro likipigwa mara moja maana yake ni usinichoshe. Likipigwa mara mbili, aliye karibu na mlango huona ni heri atoke.

Sauti iliyo kwenye spika ni ya mama huyu huyu. Ilirekodiwa katika chumba hiki, siku tatu kabla madaktari hawajamfanyia upasuaji wa koo na kuondoa kisanduku cha sauti. Mama alipona. Sasa anapumua kupitia tundu lililo chini ya shingo, lililofunikwa kitambaa cheupe, na hatazungumza tena kwa sauti aliyozaliwa nayo. Kilichobaki ni rekodi ya nyimbo sita. Rekodi hiyo binti yake aliiharibu.

"Niliiharibu mimi, kwa mkono huu," anamwambia mwandishi wa habari hii, akiuonyesha mkono wenyewe. "Andika hivyo hivyo. Usiandike 'kwa bahati mbaya'. Bahati haikuwepo chumbani. Nilikuwepo mimi."

Kazini wanamwita Mvuke. Jina hilo lilitokana na pasi ya mvuke anayoishika kwa saa tisa kila siku, lakini wenzake wanakiri kwamba halikuishia hapo.

"Ukimgusa vibaya unaungua," anasema mfuaji mmoja kwa sauti ya chini, kisha anageuka kuona kama amesikika.

Amesikika. "Wewe unakausha mashuka mia mbili kwa siku," Mvuke anamjibu kutoka kwenye meza yake, "mdomo wako peke yake ndio haukauki."

Ana umri wa miaka thelathini na saba. Kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza kwenye meza moja, katika dobi kubwa linalohudumia hoteli na ofisi. Kwa siku hunyoosha mashati mia moja na sitini, na hulipwa kwa kila shati. Shati likirudishwa na mkunjo halihesabiwi. Chumba cha kupigia pasi hufikia nyuzi joto thelathini na nane ifikapo saa tano asubuhi. Boila imesimama hatua mbili kutoka bega lake la kulia, na hufoka tangu milango inapofunguliwa hadi inapofungwa.

Miaka mitatu iliyopita alinunua kompyuta iliyotumika kwa mshahara wa miezi miwili na nusu. Ndugu zake walidhani amerukwa na akili. Yeye alitaka kutengeneza muziki.

"Nilitaka kitu kimoja maishani mwangu ambacho nikikimaliza hakirudi kesho yake kikiwa kichafu," anasema.

Mwalimu wake wa kwanza alikuwa fundi simu wa mtaani, ambaye majirani humwita Profesa. Nyuma ya kibanda chake, Profesa ana studio ndogo yenye kuta zilizobandikwa trei za mayai. Alimwekea kwenye flashi programu ndogo arobaini na moja za kubadilisha sauti, zile ambazo watu wa studio huziita plagini. Hakumpa maelezo yoyote. Alimwambia zote ni vitufe tu, azungushe mpaka zipendeze.

Mvuke hakupenda kuzungusha kitu asichokijua. Kila Jumapili alitazama video za mafunzo, nyingi kwa Kiingereza cha haraka, na kila neno aliloliona kwenye kioo alilitafutia maana yake nyumbani. Daftari lake la kwanza bado analo. Kompresa ameiandika "kubana, kama mkanda wa suruali". Plagini ya mwangwi ameiita "chumba", na chini yake ameorodhesha vyumba anavyovijua: bafuni, ngazini, ghala la mashuka, ghala lisilo na mashuka.

Neno moja lilimsumbua kwa majuma mawili. Kamusi ilimwambia ni kizingiti. Hakuelewa kizingiti kinafanya nini ndani ya muziki, hadi siku moja alipojikwaa kwenye kizingiti cha mlango wake mwenyewe.

"Nikakaa pale chini nikacheka peke yangu. Kumbe ni hivyo! Sauti ikiwa ndogo haivuki, inabaki nje. Ikiwa kubwa inavuka, ndiyo plagini inaishughulikia. Mtu anaongea nusu saa kwenye video na hawezi kusema jambo hilo kwa maneno mawili."

Hasira yake dhidi ya video hizo haijapoa. Anasema karibu zote humwonyesha mwanafunzi jinsi ya "kutibu" sauti, kama kwamba kila anayefungua kinywa ni mgonjwa.

Mwaka huu, mgonjwa alikuwa mama yake kweli.

Mama alifagia soko kwa miaka ishirini na minane. Alijifungua watoto sita, na kila mmoja alimtungia wimbo wake wa kumbembelezea. Wimbo wa kifungua mimba, ambaye leo ni makanika wa malori, unamtania kwa kichwa chake kikubwa. Wimbo wa Mvuke, aliyezaliwa wa nne, unalalamika kwamba mtoto huyu halali na hataki wengine walale. Wote watano walio hai wanazijua nyimbo zao na za wenzao.

Wimbo wa mtoto wa tatu hawakuujua. Alifariki akiwa na miaka minne, wakati Mvuke ana miezi minane. Tangu siku hiyo mama hakuuimba mbele ya mtu.

Madaktari walipotoa tarehe ya upasuaji, zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili. Sauti ya mama ilikuwa imeanza kukwama, lakini bado ilikuwa yake. Mvuke alinunua maikrofoni kwa ujira wa siku ishirini na tatu za kazi, sehemu kubwa akiwa ameichukua mapema kazini. Alisimamisha godoro la ziada ukutani na kutundika blanketi dirishani.

Maikrofoni ilikuwa wazi muda wote. Kwa sababu hiyo lipo faili moja la dakika nne ambalo si wimbo. Ni mama akigomba.

"Blanketi dirishani la nini? Mnanizika?"

"La kuzuia kelele, Mama."

"Kelele gani? Humu ndani mpiga kelele si ndiye mimi? Halafu hiki kidude mbona kinanitazama puani? Kisogeze. Si huko. We mtoto, tangu uzaliwe huelewi kulia na kushoto."

Baada ya hapo mama aliimba nyimbo zote sita, moja baada ya nyingine. Wa tatu aliuimba mwisho, macho yakiwa yamefumbwa. Ni wimbo mfupi. Mtoto alilala naye kwenye kitanda chembamba, naye alimlaza upande wa ndani asije akaanguka. Maneno yanasema: "Kaa kati, mwanangu, kaa kati, kati yangu na ukuta."

Mvuke anasema alilia akiwa amevaa hedifoni, kimya, ili asije akaharibu rekodi.

Aliiharibu kesho yake asubuhi.

Kwa mpiga pasi, kuondoa mikunjo ni kunyoosha nguo. Kwa watu wa studio, kusogeza sauti ya mwimbaji hadi ikae juu ya noti kamili ni kunyoosha sauti. Moja ya zile plagini arobaini na moja ilikuwa ya kazi hiyo. Inachora noti kama vipandio vya ngazi. Sauti ikikanyaga kipandio inaonekana kijani. Ikikanyaga kati ya vipandio viwili inaonekana nyekundu.

"Nusu ya mama yangu ilikuwa nyekundu," anasema Mvuke. "Nikaona aibu kwa niaba yake. Kama vile nimeona shati la mgeni wa heshima limejaa mikunjo, na shati lenyewe liko mezani kwangu."

Alimpigia simu Profesa kumuuliza kitufe kinachohusika akiweke wapi. Kitufe hicho huanzia sifuri na kuishia mia.

"Weka mia," Profesa alisema.

"Nyimbo zote?"

"Zote. Mtu mzima huyo, noti atazijulia wapi? Mnyooshe."

Aliweka mia. Nyekundu yote ikageuka kijani. Anakumbuka kwamba aliridhika, na ni kumbukumbu hiyo inayomchoma kuliko zote.

"Mimi ndiye niliyepaswa kujua kuliko watu wote," anasema. "Wiki yangu ya kwanza kazini nilinyoosha sketi kumi na moja za marinda mpaka zikawa bapa kama mashuka. Nilidhani marinda ni mikunjo. Msimamizi alinikalisha siku nzima nirudishie rinda moja moja. Yale niliweza kuyarudisha, kwa sababu kitambaa kilibaki na alama, nikaifuata. Kwa mama hakukubaki alama."

Hakukubaki alama kwa sababu ya swali moja. Diski ya kompyuta ilikuwa karibu kujaa, naye hakuwa ameweka nakala popote. Alipobonyeza kuhifadhi, kompyuta ilimuuliza kitu kwa Kiingereza. Mvuke alifanya kama alivyozoea, akaligawa neno asilolijua, 'replace', vipande viwili.

"Kipande cha mwisho nilikijua, ni 'mahali'. Cha mwanzo nilikijua, ni 'tena'. Nikasema, aha, inauliza kama nirudishe faili mahali pake. Nikajibu ndiyo. Nikaona hata ina adabu, inaniuliza."

Kompyuta ilikuwa ikimuuliza kama ifute sauti ya zamani na kuweka mpya. Iliuliza mara sita, kwa nyimbo sita. Mara zote sita alijibu ndiyo.

Siku ya tisa baada ya upasuaji, watoto wote watano walizunguka kitanda cha hospitali. Mvuke alikuwa amebeba spika ndogo ndani ya mkoba. Aliweka wimbo wa kifungua mimba. Mama alitabasamu kwa muda wa mstari mmoja. Kisha uso ukakunjamana, akaomba kalamu.

NANI HUYU?

"Ni wewe, Mama."

MIMI SIIMBI HIVI. HUYU NI KENGELE.

Dada mdogo, akitaka kutuliza mambo, alisema imekuwa nzuri kama ya redioni. Mama alimtazama, akaweka kalamu chini na kugeukia ukutani. Kaka mkubwa aliondoka bila kuaga. Alipopigiwa simu jioni alisema jambo moja tu.

"Nilikuachia sauti ya mama kwa sababu ulisema unajua," alisema. "Mimi nikiua injini ya mtu, simletei nyingine nikamwambia ni ile ile."

Mvuke anakiri kwamba alistahili kuambiwa hivyo. Anaongeza kwamba kaka yake huyo, mwenye simu ya gharama, hakuwahi hata siku moja kumrekodi mama akiongea. Hakuna aliyewahi. Mama hakutaka, nao hawakumlazimisha. Ujumbe wake wote wa simu ni wa maandishi, mwingi ukiuliza mtu amekula nini.

Kesho yake Mvuke alikwenda kwenye kibanda cha Profesa akiwa na kompyuta kwapani. Profesa alikuwa amefungua simu ya mteja, kiwambo kikiwa kimelala juu ya taulo. Wateja watatu walikuwa wamesimama. Hawakuondoka, mmoja alisogea karibu zaidi.

"Nirudishie."

"Nikurudishie nini, dada yangu?"

"Mama."

Profesa aliunganisha kompyuta, akajaribu programu mbili za kufufua mafaili yaliyofutwa. Zilirudisha picha za harusi ya mtu mwingine, za mwenye kompyuta wa zamani. Sauti hazikuwepo. Nafasi zake kwenye diski zilikuwa zimeshajazwa sauti mpya.

"Dada, plagini nilikupa bure," alisema hatimaye. "Sikukwambia ufute."

"Uliniambia mia."

"Watu wote wanaweka mia."

"Watu gani?"

"Watu. Wasikilizaji. Wanataka hivyo."

"Nitajie mmoja."

Profesa alifikiri. "Redio," alisema.

"Redio si mtu!" Mvuke alipiga kelele akigonga meza hadi taulo na kiwambo chake vikateleza mezani. Mteja aliyesogea karibu alikidaka.

Profesa, ambaye kwa siku mbili alikataa kuzungumzia jambo hili, siku ya tatu alikubali. Ni mwanamume mpole wa miaka arobaini na kitu. Anasema amekuwa akinyoosha sauti kwa miaka sita, za watu wazima na za watoto wa shule, na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika.

"Huwa hawaijui sauti yao," anasema. "Ukiwarudishia iliyonyooka wanadhani ndiyo waliyokuja nayo. Yule mama ndiye wa kwanza kuikataa." Anapuliza vumbi kwenye bisibisi. "Tangu siku ile mimi mwenyewe sijui niweke ngapi."

Kuna jambo jingine ambalo Mvuke aliligundua akiwa hospitalini, na hili humtoa moshi kuliko Profesa. Alipompeleka mama kliniki, alijiandikisha apimwe masikio, kwa sababu hakuwa ameelewa kwa nini ndugu zake wote waliisikia kengele na yeye hakuisikia. Mpimaji alimwonyesha karatasi. Sikio la kulia, lile la upande wa boila, limepoteza zaidi ya theluthi moja ya sauti nyembamba. Ule mlio wa chuma unaobaki kwenye sauti iliyonyooshwa hukaa huko huko juu.

Alipeleka karatasi hiyo kwa msimamizi na kuomba vizibo vya masikio kwa wapiga pasi wote kumi na wanne. Msimamizi aliisoma, akairudisha.

"Pasi haipigwi kwa masikio," alisema.

Kumi na wawili kati yao walitia saini barua kwa mwenye dobi. Yamepita majuma kumi na moja bila jibu. Wawili waliokataa kutia saini walisema wanaogopa kupoteza kazi, na Mvuke, ambaye huwasema watu wote, hawa hajawasema. Kwa sasa wapiga pasi huziba masikio kwa vipande vya sifongo walivyovikata kwa mkasi. Msimamizi akiwaita hawamsikii. Hilo peke yake, Mvuke anasema, linatosha kumfanya anunue vizibo halisi, kwa sababu vya sifongo wanaweza kujidai vimekwama masikioni.

Mama alipotoka hospitalini alihamia kwa Mvuke. Kwa mwezi mzima hakutaka kuiona kompyuta. Ilifunikwa kanga juu ya kabati. Siku moja Mvuke alirudi kutoka kazini, akaikuta imefunuliwa na kuwekwa mezani. Pembeni yake palikuwa na daftari.

NIMENYAMAZA, SIJAFA. MASIKIO NINAYO. WASHA.

Hivyo ndivyo kazi ya Jumapili ilivyoanza. Mvuke alijifunza plagini nyingine, inayomruhusu mtu kuchora mwenendo wa sauti kwa mkono, noti baada ya noti. Kipande ambacho ile ya kwanza ilikinyoosha, yeye anajaribu kukikunja upya. Hana chochote cha kufuata isipokuwa kidole cha mama. Kikipanda, anapandisha. Kikitetemeka, anachora mtetemo. Sikio la kushoto analigeuzia spika, kama mtu anayenong'onezwa.

Ni kazi ya polepole. Mstari mmoja wa wimbo unaweza kula saa mbili. Mama ni mwamuzi asiye na huruma, na hukumu zake zimo daftarini: baada ya miezi minne, nyimbo mbili zimepata NDIYO, mmoja umepata AFADHALI, na mbili, ukiwemo wa Mvuke, zimepata HAPANA. Chini ya HAPANA ya Mvuke mama ameongeza: ULIKUWA UNALIA KWA NGUVU KULIKO HIVI.

Kaka mkubwa amekuja mara tatu kusikiliza. Hajaomba radhi wala hajaombwa. Mara ya mwisho aliomba nakala, lakini si ya wimbo wake. Alitaka lile faili la dakika nne, la mama akigomba, ambalo Mvuke hakulinyoosha kwa sababu hakuona kama ni muziki. Hulisikiliza chini ya malori. Mafundi wenzake sasa, mtu akishika spana isiyofaa, humwambia: "Tangu uzaliwe huelewi kulia na kushoto."

Wimbo wa tatu mama alikuwa hajaruhusu uguswe. Kila ulipotajwa alifunga daftari. Jumapili hii, bila kuulizwa, amelifungua na kuandika: LEO WA TATU. Ndiyo sababu kidole kiko hewani, na ndiyo sababu hakuna anayetania.

Tatizo ni neno moja. Mama hakuliimba "kati" kwenye kipandio chochote. Alilikalisha katika nafasi iliyo baina ya viwili, na kila alipolirudia alilikalisha tofauti kidogo. Plagini ililivuta likapanda juu na kuligandisha, mara zote tatu sawasawa. Mvuke amelichora upya mara kumi na tano tangu saa sita. Likifika mahali pa kukaribia, linatoa ule mlio wa chuma. Akiuondoa mlio, pumzi ya mama inaondoka nao.

Jaribio la kumi na sita linapigwa. Kidole hakipandi wala hakishuki. Mama anakirudisha kwenye mapaja yake, anachukua kalamu, na anaandika kwa muda mrefu. Mvuke anasoma kwa sauti.

"'Huyu wa kwenye mashine hajawahi kulala naye. Futa.'"

Anaweka daftari chini. "Sifuti."

Godoro linapigwa mara moja.

"Piga utakavyo. Nimeshafuta mara moja, Mama, nimeona matokeo yake. Nikifuta hiki hakuna kingine. Huyo mtoto simkumbuki. Hana picha. Wimbo huu ndicho kitu chake kilichobaki, na wewe unaniambia futa!"

Mama anaandika maneno mawili. KUNA WEWE.

"Mimi siimbi. Wewe mwenyewe umenicheka tangu utoto. Ulisema nina sauti ya bawaba."

NILISEMA. IMBA.

Mvuke anatazama mlango. Kisha anatazama kompyuta, kama kwamba huko kuna kitufe cha kumtoa katika jambo hili. Anafumba macho na kuimba mstari wa kwanza. Sauti yake ni nzito na inakwaruza, na kwenye "kati" inapotea kabisa. Kidole kinashuka. Anaimba tena. Kidole kinapanda kwa upana wa unywele. Mara ya nne mama anachoka kuonyesha. Anajivuta mbele, anaushika mkono wa binti yake na kuuweka kwenye shingo ya binti yule, kisha anaufunika kwa kiganja chake, vidole vyake mwenyewe vikifika shingoni, apate kuhisi kinachotikisika humo ndani.

Wanaimba hivyo kwa dakika arobaini. Mmoja anatoa sauti, mwingine anaielekeza kwa vidole vilivyoshika shingo. Akikosea, vidole vinabana. Mara mbili Mvuke anapaza sauti, "Mama, unaniumiza!" na mara zote mbili anaambiwa kwa kidole arudie.

Saa kumi kasoro mama anaandika: BADO.

Toleo la mashine halijafutwa. Wamekubaliana, baada ya kurushiana daftari, kwamba litakaa hadi Mvuke atakapouimba wimbo wote na kupata NDIYO. Siku hiyo atautia kwenye maikrofoni na kuweka nakala tatu, moja kwa kaka, moja kwa dada mdogo, moja kwake. Hatatumia plagini yoyote, hata ya chumba. Baada ya hapo anakusudia kuwafundisha ndugu zake wote wanne, kwa vidole vile vile, huku mama akisimamia.

"Nikipewa mwaka, nitatumia mwaka," anasema. Shingo yake ina alama nyekundu za vidole. "Nitaimba vibaya mpaka iwe yake. Na mtu akija hapa kuniambia niunyooshe kidogo tu, tutaonana."

Mama anagonga daftari kwa kalamu. Ana mpango wake: KILA SIKU. KABLA YA KAZI.

"Mama, mimi naondoka saa kumi na mbili."

AMKA SAA KUMI NA MOJA.

"Saa kumi na moja watu wamelala. Majirani watalalamika."

Mama anafungua ukurasa mpya, kwa sababu ule wa kwanza umejaa, na anaandika huku akikandamiza kalamu hadi karatasi inatoboka.

WALALAMIKE. SAUTI WANAYO.